Sampuli Moja kwa Mwaka

Mwalimu wa Fizikia alikuwa na masikio yanayofika mbali. Akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, katika nyumba za walimu nyuma ya shule yetu pale Voi, aliweza kumsikia nahodha wa meli akiomba nafasi bandarini, mhubiri wa Amerika Kusini akililia dhambi za watu, na Warusi wakisoma tarakimu ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Mama yake mzazi alikuwa Ronge, mlimani, mahali ambapo ukipanda gari asubuhi unafika chai haijapoa kwenye chupa. Huko hakukuwa na mawimbi ya kunasa, kwa hiyo alikwenda mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi.

Nilifundisha naye karibu miaka yote ya tisini. Mimi Kiswahili, yeye fizikia, meza zetu zikitazamana katika chumba cha walimu. Yeye aliniita Madam, mimi nilimwita Mwalimu, na kila mmoja wetu aliamini kwamba somo la mwenzake ni la watu waliokosa shughuli. Alikuwa mwembamba, shati limemning'inia, mfuko wa kifuani umejaa kalamu ambazo nyingi hazikuandika. Ukimwambia habari za asubuhi alikutazama kwanza, kama anayetafuta mahali pa kukukata alama.

Sifa yake kubwa ilikuwa mashine. Wafadhili wa ng'ambo waliipa shule kompyuta moja iliyokuwa imewazeekea, wakaandika kwamba ni ya kuchapia mitihani. Mkuu wa shule aliiogopa. Naibu wake aliifunika kitambaa. Mwalimu wa Fizikia peke yake hakuiogopa, akakabidhiwa, na kabla muhula haujaisha kompyuta ilikuwa imehamia nyumbani kwake kwa sababu za usalama. Usalama wa nani, hakusema. Mitihani tukaendelea kuiandika kwa mkono kwenye karatasi za stensili, tukitoka na wino hadi viwikoni.

Kule nyumbani alifungua redio ya masafa mafupi, akaitoa matumbo, akalehemu hiki na kile, na waya mmoja ukaingia nyuma ya kompyuta, kwenye kadi ya sauti. Waya mwingine, wa shaba, ulitoka dirishani hadi kwenye mwarobaini. Wake wa walimu waliuona ni mzuri kwa kuanikia nepi. Yeye alidai siku za kufua Asia yote hunyamaza.

Alisema redio za watu wengine ni vyuma na koili, na kwamba siku moja redio itakuwa hesabu tu, programu ndani ya kompyuta, na mafundi wa vyuma watakwenda kulima. Tulimcheka sana. Katika hilo alikuwa sahihi, na ninalisema kwa shingo upande.

Kwenye kioo cha kompyuta kulionekana mistari ya kijani ikiteremka polepole, kila mstari ni kituo. Alikuwa na disketi alizoletewa na rafiki yake wa chuo kikuu, na alizishika kwa ncha za vidole kama mayai yaliyotagwa leo. Kadi ile, alimweleza kila aliyekosea akaketi, huyachungulia mawimbi mara elfu arobaini na nne na ushee kwa sekunde. Kila mchungulio ni sampuli moja. Na sheria ni hii: kitu kinachopanda na kushuka lazima ukichungulie zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake.

"Ukichungulia mara chache, Madam, unadhani utaona nini?"

"Sitaona kitu."

"Hapo ndipo mnapokosea watu wa lugha. Afadhali usingeona. Utaona kitu kingine kabisa, kimenyooka, kinapendeza, na ni uongo mtupu."

Darasani aliwapa mfano wa stesheni. Nenda stesheni ya Voi kila siku saa ile ile treni ya abiria inaposimama, aliwaambia wanafunzi, na utaapa mbele ya hakimu kwamba treni haijawahi kuondoka. Wanafunzi walilipenda hilo. Mfano wake wa pili aliuhifadhi kwa ajili yetu walimu. Mkuu wa shule alikuwa na desturi ya kukagua madarasa Jumatatu baada ya gwaride, na kwa vile kila mtu alijua, Jumatatu shule yetu ilikuwa bora kuliko zote wilayani. Alhamisi ungeweza kulisha mbuzi ndani ya maabara. Siku moja Mwalimu alisimama katikati ya mkutano akamweleza mkuu kwamba kiwango chake cha sampuli ni cha chini mno. Mkuu alimshukuru. Muhula uliofuata Mwalimu alipewa zamu ya jikoni na ya mabweni kwa pamoja.

Somo lingine alilonitwika lilikuwa la upana unaotumika. Ikiwa unachungulia elfu arobaini na nne, alisema, kinadharia una nusu yake ya kusikilizia, elfu ishirini na mbili. Lakini si yote ni yako. Kabla ya mawimbi kuingia lazima yapite kwenye kichujio kinachozuia yale ya nje, na kichujio si ukuta, ni mteremko. Kwa hiyo pembeni kunakuwa na vituo vilivyonyongeka na vingine visivyo vya hapo, vilivyojikunja kutoka nje na kuingia ndani. Pembeni usipaamini.

Nikamwambia, Mwalimu, hiyo ni kanga. Ina pindo pembeni na ina mji katikati. Kitambaa umelipia chote, lakini jina, ule msemo wake, linaandikwa mjini, haliandikwi kwenye pindo.

Wiki iliyofuata nilipita nje ya Kidato cha Nne nikamsikia akiwafundisha kanga, mji na pindo, kwa sauti ya mtu aliyeyagundua mwenyewe baada ya utafiti mrefu.

Wala haikumzuia kukosea. Asubuhi moja aliingia chumba cha walimu akiwa amechana nywele, jambo la kushtua, akatangaza kwamba amenasa kituo kipya cha Kiswahili, hakijulikani, huenda ni cha siri. Siasa zilikuwa moto miaka ile, na walimu wawili walitoka nje ili wasiwe wamesikia. Kumbe ilikuwa idhaa yetu ya taifa, ile ile ya taarifa za habari na salamu za wagonjwa, imejikunja kutoka nje ya nusu na kujitokeza pembeni mwa kioo chake. Niliitambua sauti ya msomaji nilipokwenda kusikiliza. Mwalimu hakukiri kosa. Alisema hilo lilikuwa jambo la kitaalamu.

Na kila Januari, shule zikifunguliwa, alirudi na taarifa ya Ronge. "Mama yuko fiti," aliripoti. "Nyumba imepakwa chokaa, kitambaa cha meza cha kufuma, kuku, thermosi mbili za chai. Ameniambia nimenenepa." Tulimtazama. Mwaka ule wa kwanza tulidhani mama ana mzaha. Miaka iliyofuata tulikuwa tukimngojea aseme, tukishikilia vicheko, kwa sababu mtu yule alizidi kukonda kila mwaka na kila mwaka mama yake alimsifu kwa unene.

Basi ikawa kaka yangu amenunua pikapu. Familia yetu ina kibanda cha mboga sokoni Voi tangu enzi za marehemu babu, na Jumamosi tukaanza kupanda wenyewe, kupitia Mwatate hadi Ronge, kufuata kabeji na nyanya. Mwalimu aliposikia, alinipa mfuko wa sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. "Mpelekee mama. Mwambie niko bize."

Nyumba niliionyeshwa. Haikuwa na chokaa yoyote ya kujivunia. Mama alitoka mlangoni akishika ukuta, gauni amelivaa nje ndani, akanikaribisha kwa furaha kama aliyeletewa mjukuu. Akanipikia chai. Nilimwona akiimimina: aliingiza kidole ndani ya kikombe, akakikunja ukingoni, na chai ya moto ilipokigusa akaacha kumimina. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto, mapya juu ya yale ya zamani.

"Mama, macho yana nini?"

"Hii macho iko sawa, mwanangu. Ni moshi tu."

Jirani yake, mama mmoja mwenye maneno machache, alinisindikiza hadi kwenye gari akanieleza. Haoni. Ilianza kama ukungu, sasa anatofautisha mchana na usiku. Muuguzi wa zahanati amemwambia aende kwa daktari wa macho upesi, kuna presha inaua jicho, na kila mwezi unaopita haurudi. Hataki. Akienda, lazima mtoto ajue, na mtoto akijua ataacha kazi.

"Na Krismasi?" nikauliza.

Jirani akacheka kidogo bila furaha. Krismasi, alisema, ni kazi ya mtaa mzima. Watoto wa mjini wanakuja, na hakuna mama anayetaka mwanawe akute nyumba ilivyo mwezi wa Julai. Kwa hiyo wanasaidiana. Kitambaa cha meza cha kufuma ni cha mama mmoja, na huzunguka nyumba hadi nyumba kulingana na mgeni anafika siku gani. Thermosi ni za kanisa. Vijana hupaka chokaa upande unaoonekana kutoka njiani. Binti wa jirani ndiye hupika kuku. Mama mwenyewe huvishwa, huketishwa kwenye kiti, na husikiliza hatua za viatu. Mwanawe anaujua mlio wa viatu vyake mwenyewe? Hapana, lakini mama anaujua. Akisikia hatua zimefika mbele yake huinua uso na kusema umenenepa, kwa sababu ndilo neno ambalo mama humwambia mtoto aliyetoka mjini.

Nilirudi Voi nimekaa juu ya kabeji za kaka yangu, nimejaa hasira. Jumatatu sikungoja hata gwaride liishe.

"Mwalimu, mama yako haoni."

Hakuinua kichwa, alikuwa akisahihisha. "Anaona. Nilimwona Desemba."

"Wewe ulimwona. Yeye hakukuona."

"Alinitazama usoni, Madam, akasema nimenenepa."

"Hebu jitazame."

Aliinamisha kichwa akalitazama shati lake, lilivyoning'inia, mkanda ulivyotobolewa tundu la ziada kwa msumari. Nilimhurumia kidogo, halafu akafungua mdomo tena.

"Umempata siku mbaya. Huwezi kutoa hitimisho kwa sampuli moja."

"Mimi nitakuwa nakwenda kila Jumamosi. Wewe unakwenda mara ngapi?"

Alichukua chaki akatoka kwenda darasani. Hakuwa na kipindi.

Baada ya hapo aliacha kunisemesha. Ijumaa nilikuta mfuko juu ya meza yangu, sukari imeongezeka. Ijumaa iliyofuata imeongezeka tena. Inaonekana hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya macho aliyoifahamu. Nilimwandikia kwenye kikaratasi kwamba gari lina nafasi. Akanijibu, kupitia mwalimu wa Jiografia, kwamba antena imelegea na lazima apande mwarobaini kuikaza. Jumamosi nyingine kulikuwa na disketi mpya. Nyingine, mitihani ya majaribio. Sijui aliogopa nini zaidi, kumkuta mama yake haoni au kukuta kwamba miaka yote amekuwa mkuu wa shule wa mama yake. Wiki zile nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo. Kule Ronge mama alianguka kwenye matuta akimtafuta kuku wake, akaniambia amekwaruzwa na majani.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilimwamsha. Ilikuwa stima. Ilipotea Voi nzima Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi haikuwa imerudi, mashine imekufa, kioo cheusi, dunia yote imenyamaza. Tulipokuwa tunatoka sokoni nikamwona amesimama kando ya barabara na mfuko wake wa sukari. Kaka akasimamisha gari. Mwalimu akapanda bila salamu.

Tulifika ukungu haujaondoka. Mama alikuwa uani, ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole. Nikamsalimu. Akaitikia, akainua uso kunielekea, kisha uso ukapita kwa Mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu yake kiasi cha kuweza kumgusa bega, ukaenda zake kwenye migomba.

"Leo umekuja na mtu?"

Nilimngoja Mwalimu aseme. Yeye aliukumbatia mfuko wa sukari, basi nikajibu mimi.

"Nimekuja na mwenzangu, mama."

"Karibu, baba. Kaa, kiti iko hapo kwa mlango." Alionyesha mahali ambapo hapakuwa na kiti. "Huyu Mswahili amekuleta, amekwambia juu ya mtoto yangu? Ni mwalimu huko Voi. Anajua hii maneno ya redio mpaka wazungu wanamuuliza. Anakuja Krismasi, hajawahi kosa hata moja."

Vidole vyake vilipata kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Sasa wewe ukipatana na yeye huko, usimwambie hii mambo ya macho. Atawacha kazi yake. Mwambie mama iko sawa."

"Mama," Mwalimu akasema.

Mikono ilisimama juu ya ungo. Sijawahi kumwona mtu akijipanga upesi namna ile. Alinyoosha mgongo, akavuta leso kichwani, akauelekeza uso kule sauti ilikotoka na kutabasamu.

"Mwanangu," akasema, "umenenepa."

Mwalimu aliketi chini, pale pale kwenye maganda ya maharage, na suruali yake ya kazini. Aliushika mguu wa mama yake kama mtoto anayezuia mtu asiondoke. Kaka yangu akaenda kununua kabeji na mimi nikamfuata, maana hapakuwa na la kusaidia.

Wiki ile ile alimteremsha hospitali. Daktari wa macho alimuuliza swali moja tu, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia: mama ameacha kuona tangu lini? Mtu aliyeweza kukueleza kinachotokea ndani ya sehemu moja ya elfu arobaini na nne ya sekunde hakuweza kutaja hata mwaka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwa ile presha, halina la kufanywa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na presha haijalimaliza. Walilipasua, wakaagiza miwani.

Mwalimu aliomba uhamisho kwenda shule ya karibu na Mwatate, ambapo angeweza kupanda nyumbani kila jioni. Walimu wengine walisema amepoteza nafasi ya kupandishwa cheo, na ni kweli, hakupandishwa. Kompyuta ilirudi shuleni ikiwa na nyaya zisizoeleweka nyuma. Hakuna aliyeweza kuitumia kusikiliza chochote, basi ikachapa mitihani.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Jumamosi, miezi michache baadaye, muongo ukielekea ukingoni. Tulimkuta Mwatate akingoja gari, vumbi hadi magotini. Alipanda mbele, katikati yetu, ameshikilia kikasha kwenye magoti kwa mikono yote miwili. Miwani ilikuwa imefika. Njia nzima alizungumza, kinyume na kawaida, kuhusu lenzi, kuhusu unene wa vioo, kuhusu jinsi mwanga unavyopinda, na nikajua ana hofu. Sikumkatiza.

Mama alikuwa kwenye kiti mlangoni. Mwalimu alipiga magoti akamvalisha miwani, vioo vinene hivi, akarekebisha nyuma ya masikio. Mama alianza na viganja vyake mwenyewe. Alivigeuza, akayatazama makovu moja baada ya jingine. Kisha akanitazama mimi, kutoka ushungi hadi viatu.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema. "Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Tulicheka, kaka yangu zaidi kuliko wote. Mwalimu alikuwa amerudi nyuma, kwenye kivuli cha ukuta.

"Kuja hapa kwa mwanga," mama akamwambia.

Akaja. Alisimama mbele yake mikono ubavuni, vile wanafunzi wake walivyokuwa wakisimama. Mama alimtazama muda mrefu. Akainua mkono, akagusa nywele za kando ya sikio, zilizokuwa nyeupe tupu.

"Hii imekuja lini?"

"Polepole, mama."

Mwalimu akasema anakwenda kupasua kuni, akazunguka nyuma ya jiko. Nikasikiliza. Shoka halikupiga hata mara moja. Nikainuka nimfuate.

"Mwache," mama akasema, ameinamisha kichwa, jicho lake moja likichungulia kupitia mwanya wa ukuta wa jiko. "Analia. Namwona."